Tuijue Dunia: Kwa Jeep na kwa Miguu mpaka Chini ya K2

Ninyi mkaao Beni, Butembo au Mutwanga mmezoea kuiona Ruwenzori asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajaifunika. Juma hili nataka tuinue macho mbali zaidi, tufike Asia, kaskazini ya nchi ya Pakistani, penye milima iitwayo Karakoram. Huko watu wa Ulaya, Marekani na Japani hulipa fedha nyingi ili wasafiri siku nzima ndani ya jeep juu ya magenge, kisha watembee juma zima juu ya barafu, walale katika hema, warudi wamekonda. Wanafunzi wangu waliposikia habari hiyo waliuliza upesi: "Wanakwenda kuchukua nini huko?" Swali hilo si la kipumbavu, nasi tutalifikia. Lakini kwanza tuijue njia yenyewe.

Karakoram na Ruwenzori zina habari moja inayoziunganisha, nayo ni habari ya mtu. Mwitalia Luigi Amedeo, mjukuu wa mfalme wa kwanza wa Italia, mwenye cheo cha Duki wa Abruzzi, alikuja Afrika mwaka 1906. Mwezi wa Juni aliupanda mlima wetu kwa upande wa Uganda, pamoja na wapagazi wengi, akasimama juu ya kilele cha mita 5,109, akakiita Margherita kwa heshima ya malkia wa kwao. Miaka 3 baadaye, yaani 1909, alikwenda Karakoram kuujaribu mlima K2. Huko alishindwa. Mgongo wa mlima aliouchagua ulimzuia alipopita kidogo tu mita 6,000. Basi akageukia mlima wa jirani, Chogolisa, akafika karibu mita 7,500, na siku zile hapakuwa na habari ya mtu mwingine aliyefika juu kiasi hicho kwa miguu yake. Mgongo ule uliomshinda waitwa Abruzzi hata leo, na wengi wapandao K2 hupita hapo. Mpiga picha wake, Vittorio Sella, alikuwa naye katika safari zote mbili, hivi kwamba mtu yule yule aliyezipiga picha barafu za Ruwenzori ndiye aliyeupiga picha K2.

Jina la K2, kwa kweli, si jina bali ni alama ya daftari. Mwaka 1856 Mwingereza Montgomerie, mpima ramani, aliiona milima ile akiwa umbali wa zaidi ya kilomita 200, akaiandika kwa nambari: K1, K2, na kuendelea. Herufi K ni ya Karakoram. K1 ilionekana baadaye kuwa na jina lake, Masherbrum, maana wenyeji waliiona kutoka vijijini. Lakini K2 haionekani kutoka kijiji chochote. Milima mingine imeuficha. Wabalti, ndio wenyeji wa bonde lile, huuita Chogori, maana yake mlima mkubwa. Una mita 8,611, umepungukiwa na Everest kwa mita 238 tu, na wapandaji karibu wote husema kwamba ni mgumu kuliko Everest.

Safari huanzia mji wa Skardu, penye kimo cha mita 2,230 hivi. Mtu aweza kufika huko kwa ndege kutoka Islamabad, mawingu yakikubali. Yasipokubali, hana budi kwenda siku mbili kwa gari, na sehemu ya njia hiyo ni barabara kuu ya Karakoram, ambayo Wapakistani na Wachina waliijenga kwa miaka mingi mpaka ilipokamilika mwaka 1979. Ina urefu wa kilomita 1,300 hivi, nayo huvuka mpaka wa China mahali paitwapo Khunjerab, kwenye mita 4,693. Mamia ya wafanyakazi walikufa katika kuijenga, kwa baruti na kwa mawe. Mjini Gilgit pana makaburi ya Wachina waliofia kazi hiyo.

Toka Skardu jeep huingia bonde la Shigar. Msidhani kwamba milima hiyo ni ya kijani kama yetu. Mvua ni haba sana huko. Ni jangwa la mawe na mchanga. Lakini maji ya theluji huongozwa kwa mifereji iliyochimbwa ubavuni mwa mlima, na kila mahali mfereji ufikapo pana shamba la ngano na miti ya matunda iitwayo aprikoti. Matunda hayo huanikwa juu ya mapaa ya nyumba, yakawa akiba ya wakati wa baridi. Juu ya mfereji hakuna hata jani. Chini ya mfereji ni bustani. Mwalimu wa kilimo angeweza kufundisha somo la mwaka mzima kwa mstari ule mmoja.

Baada ya kijiji cha Dassu bonde hujikaza kuwa korongo la mto Braldu, na hapo ndipo barabara huwa habari ya kusimulia. Imekatwa katika kifusi na mawe yaliyolegea, upana wake ni wa gari moja. Upande mmoja ukuta, upande mwingine mto wa rangi ya majivu ukinguruma chini. Magari ni Land Cruiser za zamani na jeep zenye mwili mfupi, kwa kuwa gari refu haliwezi kukata kona zile. Kona nyingine hazikatiki kwa mara moja: dereva huenda mbele, hurudi nyuma mpaka gurudumu likaribie ukingo, ndipo aende tena. Msaidizi wake huwa amesimama nyuma, tayari kuruka chini na kutia jiwe chini ya gurudumu. Ni kazi ndogo ya kutazama, lakini jiwe hilo ndilo breki ya kweli. Penye madaraja ya kamba za chuma na mbao, abiria hushuka wakavuka kwa miguu, kisha gari hufuata pole pole likiwa tupu.

Tena saa ya kuondoka haichaguliwi kwa kupenda. Vijito vinavyoikata njia hutoka kwenye barafu. Usiku baridi huzifunga barafu, na asubuhi vijito huwa vidogo. Jua likipanda, barafu huyeyuka, na kijito kilichofika kifundo cha mguu asubuhi chaweza kulipindua gari alasiri. Kwa hiyo dereva mwenye akili huondoka alfajiri, na abiria anayechelewa kunywa chai yake anawahatarisha wote. Zaidi ya hayo, maporomoko huikata barabara karibu kila mwaka wakati wa kiangazi cha huko. Likitokea, gari haliwezi kuendelea, lakini safari huendelea: watu hushuka, hubeba mizigo yote mgongoni, huvuka juu ya kifusi mmoja mmoja wakitazama juu, na upande wa pili jeep nyingine iliyobaki ng'ambo huwangojea. Njia ikiwa nzima, saa 6 au 8 hutosha kufika Askole, kijiji cha mwisho, kwenye mita 3,000 hivi. Njia ikikatika mara mbili, ni siku mbili.

Hapa nisimame kidogo, maana jeep ina hatari nyingine isiyotoka kwenye genge. Gari hupanda upesi kuliko mwili wa mtu. Toka Skardu mtu aweza kupanda jeep asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana awe kwenye uwanda wa Deosai, wenye mita zaidi ya 4,000, mbuga kubwa yenye maua na dubu wa rangi ya kahawia. Ameketi tu kitini, hakuchoka, hakutoa jasho. Lakini kichwa chaanza kumwuma, na tumbo kukataa chakula. Sababu yake ni hii: hewa ya juu ina oksijeni kwa kadiri ile ile, sehemu 21 katika 100, ila hewa yote ni nyepesi. Penye mita 5,500 mzigo wa hewa ni nusu ya ule wa pwani. Kila pumzi, basi, ni nusu pumzi. Hata mashine yaona shida hiyo, maana injini ya zamani hupoteza karibu theluthi ya nguvu zake kwenye mita 4,000.

Mwili waweza kuzoea, lakini wataka siku. Kanuni ya waganga ni kwamba mtu akisha kupita mita 3,000, asilale usiku mahali palipozidi pale pa jana kwa mita 500, na baada ya kila siku 3 au 4 apumzike siku moja. Maumivu ya kichwa ni onyo. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, au kusema maneno yasiyopatana, ubongo wake umevimba. Akikohoa na kukosa pumzi hata akiwa ameketi, maji yameingia mapafuni. Hapo si wakati wa kumwambia "jikaze." Dawa zipo, nazo husaidia, lakini tiba yenyewe ni kumshusha, hata kama ni usiku. Neno hili latuhusu sisi pia, maana kibanda cha Kiondo upande wetu wa Ruwenzori kipo juu ya mita 4,000, na kijana wa bondeni mwenye nguvu huweza kuugua pale kuliko mzee anayekwenda taratibu.

Na mama wa nyumbani atapenda kujua kwamba huko juu maharagwe hayaivi. Maji huchemka mapema hewa inapopungua: Butembo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, lakini kwenye mita 4,600 huchemka kwenye nyuzi 85. Utachochea kuni mpaka zikwishe, na maharagwe yatabaki kokoto. Ndiyo maana wasafiri huchukua vyungu vya kufungwa kwa mvuke, na wapagazi hula mkate.

Toka Askole ni miguu tu. Siku mbili au tatu hupita kando ya mto mpaka Paiju, penye miti ya mwisho, na wengi hupumzika hapo siku nzima. Kisha mtu apanda juu ya Baltoro. Huu ni mto wa barafu wenye urefu wa kilomita 63 hivi, mmojawapo wa mirefu duniani nje ya nchi za ncha. Msidhani ni uwanja mweupe. Sehemu kubwa imefunikwa na mawe na changarawe, vilima hupanda na kushuka bila mpango, na chini ya mawe barafu hulia na kupasuka. Njia ya mwaka jana si njia ya mwaka huu, kwa sababu barafu hutembea. Mkono wa kushoto husimama minara ya mawe ya Trango, imesimama wima kama iliyochongwa. Urdukas, kwenye mita 4,050 hivi, ndipo penye majani ya mwisho; baada ya hapo ni mawe, theluji na hewa.

Siku ya saba au ya nane hivi hufika mahali paitwapo Concordia, kwenye mita 4,600, ambapo mito miwili mikubwa ya barafu hukutana. Hapo tu, kwa mara ya kwanza, K2 huonekana wote tangu mguu hadi kichwa. Milima 14 peke yake duniani ina zaidi ya mita 8,000, na 4 kati yake imesongamana katika sehemu hii: K2, Broad Peak, Gasherbrum ya kwanza na Gasherbrum ya pili. Na hapo hapo, kwa aibu yetu wanadamu, mtu huona mikebe, plastiki na mapipa. Wasafiri wameyaacha mengine, na majeshi pia, maana tangu mwaka 1984 Pakistani na India zimegombania barafu ya Siachen iliyo jirani, na kambi za askari zipo njiani. Serikali iliifanya sehemu hiyo kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1993, na siku hizi msafiri hulipa ushuru wa usafi. Lakini kushusha taka kwa mgongo wa mtu ni kazi ngumu kuliko kupandisha chakula.

Nimesema mgongo wa mtu. Haya ndiyo niliyotaka hasa kuyaandika. Neno mpagazi lina uchungu masikioni mwetu. Kabla ya reli ya Matadi kukamilika mwaka 1898, mizigo yote ya bonde la Kongo ilipita vichwani mwa watu, wengi wao kwa kulazimishwa. Na katika vita vya 1916, jeshi lilipokwenda Tabora, wapagazi kutoka huku mashariki walikufa wengi kwa njaa na maradhi. Wapagazi wa Baltoro hawashurutishwi kwa mjeledi. Huja wenyewe, hulipwa kwa kila hatua ya njia iliyokwisha kupangwa, na mzigo wa kila mmoja ni kilo 25. Lakini Mbalti mwenye shamba dogo chini ya mfereji, mwenye watoto wa kusomeshwa, hana milango mingi ya kubishia.

Tufanye hesabu, ninyi wanafunzi. Tuseme wageni 6 wana mizigo ya kilo 500. Gawanya kwa 25: wapagazi 20. Lakini safari ni ya siku 14, na huko juu hakuna duka. Tuseme kila mpagazi hula kilo 1 ya unga na vitoweo kwa siku. Basi katika kilo zake 25, kilo 14 ni chakula chake mwenyewe, na zinazobaki kwa mzigo wa wageni ni 11 tu. Gawanya 500 kwa 11: wapagazi 46. Kwa kweli si wote wanaofika mwisho, maana chakula kikiliwa, wengine hurudishwa nyumbani. Hata hivyo mwaona jinsi kiti kimoja cha kukunja na meza ya mgeni inavyoweza kuongeza watu. Msafiri mwema hupima mizigo yake kwa mizani mbele ya wapagazi, huacha kiti nyumbani, na kabla ya kuondoka Askole hutazama miguu ya kila mtu kama ina viatu.

Viatu! Mwaka 1954 Waitalia, wakiongozwa na Ardito Desio, waliushinda K2. Tarehe 31 Julai Achille Compagnoni na Lino Lacedelli walisimama kileleni. Usiku uliotangulia, watu wawili waliwapelekea mitungi ya oksijeni: kijana Walter Bonatti na Amir Mahdi, mpagazi wa Hunza, aliyekuwa amekwisha kufanya kazi Nanga Parbat mwaka 1953. Hema ya wenzao haikuwa mahali walipoagana. Ilikuwa imesimikwa juu zaidi. Giza likaingia. Bonatti na Mahdi wakalala wazi kwenye theluji, zaidi ya mita 8,000, bila hema wala mfuko wa kulalia. Mahdi hakuwa na viatu vya kadiri ile. Alikatwa vidole vyote vya miguu. Walioshika kilele wakapokewa kwao kwa shangwe. Mahdi akarudi kijijini, asipande tena, akafa mwaka 1999. Nako Italia watu walibishana zaidi ya miaka 50 kuhusu nani alisema kweli juu ya usiku ule, mpaka chama cha wapanda milima kikaikubali habari ya Bonatti. Katika mabishano hayo yote, vidole vya Mahdi vilitajwa kwa nadra.

Mambo yamebadilika, ila si yote. Muhammad Ali Sadpara, aliyezaliwa kijiji kilicho karibu na Skardu, alianza kama mpagazi, akawa mpandaji mkuu. Mwaka 2016 alikuwa mmoja wa watatu wa kwanza kufika kilele cha Nanga Parbat wakati wa baridi kali. Alifia K2 mwezi wa Februari 2021, akiitwa kwa jina lake dunia nzima. Lakini Julai 2023, mahali pembamba karibu na kilele cha K2, mpagazi mmoja Mpakistani alianguka akafa, na picha zilionyesha watu wengi wakimpita kuelekea kileleni. Wengine walisema walimsaidia kadiri walivyoweza. Wengine walisema angeshushwa kama angekuwa mgeni. Serikali ya jimbo ilifanya uchunguzi. Mimi nasema tu kwamba hakuwa na mavazi yanayolingana na ya wale aliowafanyia kazi, na hilo lilijulikana kabla hajaanza kupanda.

Sasa turudi kwenye swali la wanafunzi wangu: wanachukua nini? Wengine huchukua picha na sifa. Wengine, nadhani, hutafuta mahali ambapo mtu hufika kwa pumzi yake tu, kwa kuwa kwao kila kitu hufikiwa kwa kuketi. Nami siwacheki. Isitoshe, barafu zinafaa kutazamwa zingali zipo. Mwaka 1906 barafu za Ruwenzori zilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba karibu 7. Leo hazifiki 1. Za Karakoram zimevumilia zaidi, ajabu iliyowashughulisha wataalamu, lakini hata huko joto limeanza kuonekana katika mafuriko. Kijana wa Mutwanga ajuaye njia ya Kalonge, Mahangu na Kiondo ana elimu ambayo mgeni hana, na siku amani itakapodumu upande wetu, elimu hiyo itakuwa na bei. Aijue bei hiyo mapema, na mizani pia.

Wale wenye mwili uliozoea hawarudi kwa njia waliyoijia. Toka Concordia hugeuka kusini mpaka Ali Camp, huamka saa sita ya usiku wakati theluji ni ngumu, hufungana kwa kamba, na kupanda mpito wa Gondogoro, mita 5,585 hivi, ili wafike juu kabla ya jua kulegeza mawe. Upande wa pili hushuka kwa kamba zilizofungwa na vijana wa kijiji cha Hushe, ambao hukaa hapo wakati wa safari kuangalia njia na hulipwa kwa kazi hiyo. Siku mbili baadaye wako Hushe penyewe, kwenye mashamba ya ngano. Hapo wapagazi hupanga mstari, majina husomwa, fedha huhesabiwa mkononi mwa kila mmoja mbele ya wenzake. Jeep hungojea chini ya miti. Wageni hupanda, na wapagazi wa Askole, ambao kijiji chao sasa kiko ng'ambo ya milima yote ile, huuliza kama pana nafasi juu ya mizigo.